Barakoa Tuvae au Tusivae? Jibu la Fundi wa Nguo

Kila kikohozi kinapoanza kuzunguka mtaani, huja mtu kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Kisauni, Mombasa, akasimama mlangoni na kuniuliza kama zile barakoa bado ninazo. Nikimpa, huuliza la pili kwa sauti ya chini: "Lakini kweli zinasaidia, au tulisumbuliwa bure?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi mno, na kila mara hujibu nusunusu, mguu ukiwa kwenye cherehani. Leo nimeacha kazi nijibu sawasawa.

Jibu langu ni kwamba mtu wa kawaida avae. Si kila mahali wala si kila wakati, na kitambaa kilichokaa chini ya pua mimi sikihesabu kuwa barakoa.

Nianze na kosa langu. Tarehe 13 Machi 2020, waziri wa afya Mutahi Kagwe alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya, wateja walikuja siku ile ile wakitaka niwashonee barakoa. Nikawakatalia. Niliwaambia hizo ni za madaktari na wagonjwa, mtu mzima wa afya ataka ya nini? Sikuyatunga maneno hayo. Ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyokuwa likisema wakati huo, na kule Marekani daktari mkuu wa serikali, Jerome Adams, alikuwa amewasihi wananchi mwishoni mwa Februari waache kununua barakoa, kwa kuhofia wahudumu wa hospitali wangezikosa. Hofu ya uhaba ilikuwa ya kweli. Lakini kumwambia mtu "kitu hiki ni haba, tuwaachie wanaohudumia wagonjwa" ni jambo moja, na kumwambia "kitu hiki hakitakufaa" ni jambo jingine. Yakachanganywa, nami nikayabeba hivyo hivyo kuwapelekea wateja wangu. Wiki chache baadaye tulipoanza kuwaambia wavae, walinitazama kama mtu aliyewahi kuwadanganya, na sikuwa na la kusema.

Kilichogeuza mambo ni hiki: ilidhihirika kwamba mtu mwenye korona huweza kuambukiza kabla hajahisi lolote. Shauri la "avae mgonjwa tu" lina maana pale mgonjwa anapojijua. Mmekaa watu kumi na wanne ndani ya matatu, vioo vimefungwa kwa mvua, nani kati yenu anajijua? Aprili serikali yetu ikafanya barakoa kuwa lazima nje ya nyumba, na asiyevaa akakabiliwa na faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi 6. Tarehe 5 Juni Shirika la Afya Duniani nalo likabadili shauri lake, likasema watu wavae barakoa za kitambaa, za tabaka tatu, mahali ambapo ugonjwa umeenea na watu hawawezi kukaa mbalimbali.

Cherehani yangu haikulala miezi ile. Nilianza na mabaki ya leso, tabaka moja, kwa sababu zilipendeza na ziliuzika. Jioni moja nikawasha mshumaa, nikavaa mojawapo, nikapuliza. Mshumaa ukazimika papo hapo. Nikashona nyingine, kitambaa cha marekani tabaka mbili ndani na leso juu, nikapuliza tena. Mwali ukatikisika kidogo, haukuzimika. Hilo si jaribio la maabara, najua, lakini lilinionyesha nilichokuwa nikiuza. Nilikuwa nimeshauza zaidi ya mia za tabaka moja. Wateja niliowajua niliwaita nikawabadilishia bila malipo. Wapita njia walionunua wakaenda zao sikuwapata tena, na jambo hilo bado linanikaa moyoni.

Sasa nije kwenye ufundi, maana hapa ndipo ninapoona watu wengi wanapotea. Sisi mafundi tunajua nguo haimkai mtu kwa uzuri wa kitambaa, humkaa kwa kipimo. Barakoa ni vivyo hivyo. Pumzi haina haja ya kujipenyeza kitambaani ikiwa pembeni pana mlango. Itatoka shavuni, itatoka kando ya pua, na itaingia hapo hapo. Ndiyo maana nilianza kutia waya mwembamba juu, mvaaji aubane kwenye mfupa wa pua. Anayevaa miwani ana kipimo chake bila gharama: miwani ikiingia ukungu kila anapopumua, hewa inavujia juu. Zile za hospitali, za rangi ya buluu, huachia nafasi kubwa mashavuni; piga fundo dogo kwenye kila lastiki karibu na kona, kisha ingiza ndani lile pindo la pembeni, utaona inavyoshika uso. Upande wa buluu ukae nje. Zile ngumu ziitwazo N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana, lakini zinataka kugusa ngozi pande zote, kwa hiyo mzee mwenye ndevu zake nzuri zilizojaa hapati faida yake yote. Nimewaambia wazee kadhaa wa msikitini hilo, na si wote walifurahi kulisikia.

Wapo wanaotaka ushahidi wa kisomi, na wana haki. Utafiti ninaoutegemea zaidi ulifanywa Bangladesh, vijijini, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2021. Vijiji 600, watu wazima zaidi ya 340,000. Nusu ya vijiji viligawiwa barakoa bure na watu wakahimizwa kuzivaa. Waliovaa vizuri wakapanda kutoka karibu 13 hadi 42 katika kila 100. Wagonjwa wenye dalili waliothibitishwa kwa damu wakapungua kwa takriban asilimia 9. Kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi, katika vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, walipungua kwa karibu asilimia 35. Na kumbuka, hata huko zaidi ya nusu ya watu hawakuvaa.

Utafiti huo huo haukuonyesha wazi kwamba zile za kitambaa zilisaidia kiasi hicho. Kwa mtu aliyekula na kulisha watoto kwa barakoa za kitambaa, habari hiyo haikuwa rahisi kuimeza. Lakini ndiyo iliyopatikana. Tangu niisome, mteja akiniuliza, humwambia anunue za hospitali akiwa na uwezo, na kama ana ya kitambaa aivae juu yake ili iibane usoni. Utafiti mwingine, wa Denmark, wenye watu kama 6,000, ulikuta tofauti ndogo mno kati ya walioshauriwa kuvaa na wasioshauriwa, na watu huutumia kusema barakoa ni bure. Ule ulimpima mvaaji tu, kama yeye aliambukizwa au la. Haukuuliza kama barakoa yake iliwakinga waliokaa naye. Kwangu hilo la pili ndilo kubwa.

Kwa nini? Kwa sababu ya tulivyovaa. Mliopanda matatu 2020 mnakumbuka: gari la abiria 14 lilitakiwa kubeba 8, na kabla ya kizuizi kondakta akapaza sauti, "Maski! Maski! Polisi mbele!" Gari zima likanyanyua vitambaa kutoka kidevuni. Tukishapita kizuizi, vikashuka. Tulikuwa tukijikinga na faini. Bibi aliyekaa kiti cha nyuma na pumu yake hakuwa mawazoni mwa mtu.

Kwa hiyo mimi sikushauri uvae kwa sababu ya sheria. Sheria hiyo imekwisha; tarehe 11 Machi 2022 barakoa ziliacha kuwa lazima mahali pa wazi. Nakushauri utazame hewa. Ukiwa ufukweni, shambani, sokoni kwenye uwazi, ivue na ipumzike, usijitese na joto letu la Februari. Jasho likishailowesha haipitishi pumzi vizuri, na utaanza kuishikashika kila dakika. Bali ukiingia foleni ya hospitali, chumba cha mgonjwa, lifti, matatu iliyofungwa vioo, chumba cha matanga kilichojaa watu wanaolia na kukumbatiana, ivae kabla hujaingia, ifunike pua, na usiivue ili uzungumze. Kuzungumza ndiko kunakotoa mate na pumzi. Na wewe mwenyewe ukiwa na mafua au kikohozi, ukalazimika kutoka, hapo usijiulize mara mbili. Kwetu ukionekana umevaa watu hunong'ona kwamba una kifua kikuu. Japani mwenye mafua huvaa ili asiwaudhi wenzake, na naona sisi tunaojisifu kwa adabu tungeweza kulichukua hilo bila kupungukiwa na kitu.

Mtoto wa chini ya miaka 5 mwache, na wa chini ya miaka 2 asivalishwe kabisa, anaweza kukosa pumzi asijue kuivua. Ya kitambaa fua kwa sabuni kila siku uliyoivaa, anika juani. Ya hospitali ikilowa au kuchanika, itupe.

Jambo jingine: barakoa si jibu la kila kirusi. Ugonjwa wa Marburg ulipozuka Kagera, Tanzania, mwaka 2023, na tena 2025, dada yangu aliye Mwanza alinipigia niwatumie barakoa. Nilimwambia nitatuma, lakini huo, kama Ebola, hupita zaidi kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, au maiti yake. Mtu anaweza kuvaa barakoa tatu akaosha maiti kwa mikono mitupu akaambukizwa. Ugonjwa ukitangazwa, kabla hujakimbilia dukani, uliza kwanza unapitia wapi.

Lililo gumu kuliko yote ni kumwambia mgeni. Mama mkwe wangu ana umri mkubwa na kifua chake si kizuri. Wakati wa korona, na hata sasa msimu wa mafua, kopo la barakoa hukaa juu ya meza mlangoni. Mwanzoni niliona haya. Mtu ametoka mbali kumjulia hali mgonjwa, umpokee kwa kumfunika mdomo? Nikajifunza kutotoa amri. Mimi huvaa kwanza, kisha nasema, "Mama kifua kimemshika, karibu, chukua hii tuingie sote." Karibu wote huchukua.

Ami yake mume wangu alikataa. Alisema amefika umri ule bila kufunikwa uso na hataanza leo. Sikubishana naye, ni mkubwa wangu. Nikamtolea mkeka na kahawa barazani, chini ya dirisha la chumba cha mama, nikafungua mbao zote mbili za dirisha. Mama akasogezewa kiti ndani, akakaa mbali kidogo na wavu. Wakazungumza habari za ndugu zao wa Lamu, za shamba, za watu waliokufa zamani, mpaka ikaadhiniwa magharibi. Alipoondoka alisema atakuja tena Ijumaa, na akaniomba mkeka ule ule.