Usiondoe kibamba kilicho nyuma ya bledi

SWALI: Baada ya kuhama nyumba niliuweka msumeno wangu wa meza stoo kwa miezi minane. Nimeufunga upya, lakini nikipasua mbao unaacha alama nyeusi za kuungua, na mara mbili umenirudishia mbao kwa nguvu. Fundi mmoja amesema bledi ni nzima, bali kibamba cha chuma kinachosimama nyuma yake ndicho kinachobana mbao, hivyo nikiondoe pamoja na kinga. Je, nifuate ushauri huo? Na siku nyingine niuhifadhi vipi?

JIBU: Usiufuate. Ushauri huu nimeusikia mara nyingi mno, na aghalabu hutolewa na mtu ambaye hajawahi kujiuliza kibamba hicho kiliwekwa kwa kazi gani.

Meno ya mbele ya bledi hushuka na kuikandamiza mbao mezani, ilhali meno ya nyuma hupanda. Mbao yenye mkazo ndani yake hujifunga mara inapopasuliwa, ikayabana meno hayo ya nyuma, nayo huinyanyua na kuirusha upande uliosimama wewe. Bledi ya milimita 254 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika huwa na meno yanayokwenda takriban mita 53 kwa sekunde, yaani kilomita 190 hivi kwa saa, kwa hiyo anayesema kwamba yeye ana mikono myepesi anajidanganya. Tena mkono ulioishika mbao unaweza kuvutwa pamoja nayo kuelekea kwenye bledi. Kibamba hukaa ndani ya mkato na kuuzuia usijifunge. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Kuna hali moja ambayo kibamba hukwamisha mbao kweli, nayo ni pale unapofunga bledi nyembamba kuliko ile iliyokuja na mashine. Kibamba kinapaswa kuwa kinene kuliko mwili wa bledi na chembamba kuliko mkato wa meno: kwa bledi yenye mwili wa milimita 2.2 na mkato wa 3.2, kibamba cha 2.5 kinafaa. Kwa kawaida vipimo hivyo huchapwa juu ya vyote viwili. Visipolingana, badilisha bledi.

Hata hivyo, kwa dalili ulizoeleza, ninashuku kwamba wakati wa kuhama mashine ilibebwa kwa kushikwa reli ya mwongozo, yaani ile ambayo mbao huegemezwa inaposukumwa kwenye bledi, au iligongwa, ikapoteza ulinganifu. Chomoa plagi. Tia alama kwenye jino moja, pima umbali wake hadi kwenye mfereji wa meza, ule uliochongwa juu ya meza kando ya bledi, likiwa mbele, kisha uzungushe bledi kwa mkono na ulipime jino lilelile likiwa nyuma. Ukipima jino jingine, utapima pia upindaji wa bledi yenyewe. Tofauti ikizidi milimita 0.1, rekebisha kwanza bledi, ndipo uilinganishe reli na mfereji huo. Reli inayoelekea kwenye bledi kwa nyuma huchoma mbao na kuirusha, hata kama bledi ni mpya. Safisha pia utomvu uliogandia meno.

Kuhusu kuhifadhi, nitasema kwa ufupi: meza ya chuma ipakwe nta, si mafuta yenye silikoni, kwa sababu huhamia kwenye mbao na kuharibu rangi au vanishi, mashine ifunikwe kwa kitambaa, kwani nailoni hufungia unyevu ndani, na bledi zilizovuliwa zitenganishwe, maana meno ya kabaidi ni magumu lakini huvunjika kwa urahisi yakigongana.

Ninaloliona kila mara ni mashine zinazoletwa kwangu kwa matengenezo bila kinga, na ninapouliza iko wapi, naambiwa imo katika mfuko wake, haijawahi kufungwa. Wengi wameiga video ambazo kinga imeondolewa ili kamera ione mkato. Zipo kazi, kama kuchimba mfereji usiotoboa mbao, zinazolazimu kuvua kinga ya juu, lakini hata hapo kibamba hubaki mahali pake, kikiwa kimeshushwa chini kidogo ya ncha za meno, na kinga hurudishwa kabla ya mkato unaofuata. Ikiwa chako kimekwisha kuvuliwa, mashine isiwashwe hadi kirudi.