Servo za bawa la ndege ya rimoti: weka katikati kabla ya kufunga mkono

Ndugu, umeuliza mbona eleroni moja (kile kibao kinachopanda na kushuka nyuma ya bawa) inapanda kuliko nyingine tangu ubandike servo, yaani vimota vinavyozisogeza. Mara nyingi ni mkono (kile kijipande kinachozungushwa na servo) uliofungwa servo ikiwa haijakaa katikati. Ng'oa propela, washa rimoti kisha ndege, rudisha trimu (vitufe vya marekebisho madogo kwenye rimoti) kwenye sifuri, ndipo uvalishe mkono ukiwa digrii 90 na waya wake unaosukuma eleroni.

Gundi nayo, tafadhali, isiguse servo yenyewe. Izungushie tepu ya karatasi kwanza. Hapa Kisumu niliwahi kuacha ndege juani saa nane mchana. Gundi ya moto ikalegea, servo ikawa inacheza shimoni kama jino bovu. Sasa nakata shimo liibane lenyewe. Kabla ya kurusha, sukuma kijiti cha rimoti kulia: eleroni ya kulia lazima ipande.