Nilimshukuru baba mkubwa, akaondoka mezani

SWALI: Jambo, Baba. Baba yangu mkubwa alikuwa para, askari wa miavuli, katika jeshi la Zaire. Leo ni sentineli, mlinzi, kwenye depo ya saruji hapa Lubumbashi. Binamu yangu anayeishi Texas alinieleza kwamba kule Marekani watu wakikutana na mtu aliyewahi kuwa askari humwambia, "Asante kwa utumishi wako." Nikapenda. Mwaka huu, sikukuu ya 17 Mei, tulikuwa tunakula bukari na samaki, nikasimama mbele ya watoto nikasema: "Baba mkubwa, aksanti kwa kuilinda nchi." Aliweka tonge chini, akanawa, akaenda zake. Tangu siku ile ananiitikia kwa kichwa tu. Nilimkosea wapi?
Mama wa watoto watatu, Katuba

JIBU: Mwanangu, hukumtukana. Ila siku uliyoichagua ni nzito, na nadhani hakuna aliyekuambia.

Mimi nilivaa sare ileile tangu mwisho wa 1978, nikaivua nikiwa sajini mwaka 1997. Tarehe 17 Mei mwaka huo AFDL, wapiganaji wa Laurent Kabila, waliingia Kinshasa. Nchi inauita ukombozi, na sibishani. Lakini kwetu sisi wa FAZ, jeshi la Zaire, ndiyo siku jeshi letu lilipokufa. Hapa mjini lilikwisha tangu Aprili. Niliificha sare yangu kwenye gunia la makaa, mke wangu akaichoma usiku. Asubuhi nilikuta vifungo kwenye majivu.

Sasa hesabu nyuma siku moja, ufike 16 Mei, lakini ya 1978. Wapiganaji wa FLNC, waasi wa Kikatanga waliotoka Angola, walikuwa wameingia Kolwezi, mji wa migodi, tarehe 13. Kila mtu Katanga anajua kwamba Lejioni ya Kigeni ya Ufaransa iliruka pale kwa miavuli tarehe 19. Wachache wanajua kwamba siku tatu kabla yao waliruka mapara wetu, kampuni moja ya batalioni ya 311, na waliumizwa vibaya sana. Hata Wafaransa, wengi wao waliruka kutoka kwenye ndege zetu. Sijui kama baba yako mkubwa alikuwa mmoja wao. Mimi nililala bweni moja na aliyekuwemo. Jina la Kolwezi alilitaja tu tulipokuwa tunakunja miavuli, na akishalitaja alirudia kukunja mwavuli wake tangu mwanzo.

Kuna jingine, na hili nalisema kwa uchungu. Mwaka 1991 askari ambao mshahara haukuwafikia walipora Kinshasa, na uporaji ukatufikia huku. Niliwaona wenzangu wamebeba friji za watu, magodoro, hata milango. Sikubeba kitu. Lakini nilikuwa na bunduki begani, nikasimama barabarani nikatazama. Mzee mmoja mwenye duka alinitazama mimi, hakuwatazama wao. Mtu akiniambia aksanti kwa kuilinda nchi, uso wa yule mzee ndio unaonijia. Sasa nimwitikie nini huyo anayenishukuru?

Usidhani Wamarekani wamelimaliza jambo hili. Miaka iliyopita niliongea na fundi mmoja wa mashine za mgodi, Mmarekani aliyepigana Vietnam. Aliniambia kwamba aliporudi kwao hakuna aliyemshukuru. Alipokwisha kuzeeka, watu asiowajua wakaanza kumpa asante dukani. Kilichomuuma ni kwamba walipita kabla hajafungua kinywa. Alikuwa na la kusema, na hakuna aliyengoja.

Basi usiende kumwomba msamaha kwa maneno mengi, utamlazimisha akutulize wewe. Nenda depo jioni anapoanza zamu, beba chai na mkate, acha watoto nyumbani. Sisi masentineli wa zamani tunaongea vizuri gizani, mtu akiwa pembeni, sio akiwa amesimama mbele yetu. Muulize: "Baba mkubwa, Mei ya 1978 ulikuwa wapi?" Akikuambia alikuwa Kisangani anapika jikoni, sikiliza habari za jiko, maana na yeye alikuwa kazini. Akinyamaza, kaa naye mpaka chai iishe, halafu chukua chupa yako urudi. Wiki inayofuata nenda tena. Pesa usimpe siku hiyo. Atadhani unamlipa.

Na kama ana karatasi za pensheni alizozihifadhi mahali, jitolee kumfuatilia foleni hizo. Wengi wetu tumechoka kukaa kwenye benchi.

Mwaka jana binti yangu aliniuliza jina la yule mwenzangu wa bweni. Nikamtajia jina lake, na la mama yake, na la kijiji chao upande wa Kasongo. Akaandika yote kwenye daftari la shule la mtoto wake. Tulikuwa tunakula. Sikuinuka.