Gemu ya simu: tafuta wachezaji kabla ya mfadhili

Mkuu, umesema gemu yako ya simu imefika nusu na hela imekata, unataka kujua itangazwe vipi na mfadhili anapatikana wapi. Nimepita hapo hapo na gemu yangu ya bao la kete.

Mimi nilianza na mfadhili, miezi minane ikaenda bure. Kikao kimoja tu ndicho nilichopata, Dar, na swali la kwanza likawa: wanaocheza ni wangapi, na wangapi wanarudi siku ya pili? Sikuwa na jibu. Kampuni nyingine ikaleta mkataba: hela kidogo, haki zote za gemu ziwe zao. Nilimpa mwanasheria ausome, nikakataa. Mkataba wa namna hiyo usisaini hata kama una njaa.

Nikaichukua simu nikaenda kwenye baraza la wazee wanaocheza bao. Mzee mmoja akanamua (akaingiza kete mpya ubaoni) mara tatu, kisha akainua uso: "Mwanangu, mbona nyumba yangu imesafiri bila kuniuliza?" Alikuwa sahihi. Ukiwa umekula na kete ya mwisho ikaangukia nyumbani, yaani kwenye shimo lako kuu, na mbele yake hakuna cha kula, hiari ni yako, ulale (usimame hapo) au usafiri (uzichote kete zake uendelee kuzisambaza). Mimi nilikuwa nimeilazimisha isafiri. Nikarekebisha usiku ule ule, kesho nikarudi, nikaomba ruhusa nimrekodi mikono tu akicheza. Sekunde 40. Nikaiweka statasi ya WhatsApp, na ikaleta watu wengi kuliko tangazo la shilingi 60,000 nililolilipia kabla.

Akaunti ya kuweka gemu Google Play, duka la programu za simu za Android, ni dola 25, unalipa mara moja. Ukifungua akaunti mpya ya mtu binafsi, watakutaka uwe na watu 12 wanaoijaribu gemu siku 14 mfululizo kabla hujaitoa kwa umma. Wengi wanajaza marafiki ili namba itimie tu. Usifanye hivyo, hao 12 ndio wachezaji wako wa kwanza! Wangu watano walitoka pale barazani, na wakawaleta wajukuu zao.

Punguza na uzito. Yangu ilikuwa MB 140, nikaishusha hadi 38, maana mwenye bando la siku hawezi kulimaliza kwa gemu asiyoijua.

Kickstarter, tovuti ya kuchangisha hela za miradi, haimfungulii mradi mtu aliyeko Tanzania, usipoteze muda huko. Hela ya kumalizia niliipata kwa kuwatengenezea watu chemshabongo za simu, kazi tatu. Ruzuku ilikuja baadaye, na ombi lilikuwa kurasa mbili: waliopakua, waliorudi siku ya saba, na ile video ya mzee. Kabla hujamwahidi mtu mgao, kumbuka Google nayo inakata asilimia 15 kwenye dola milioni 1 za kwanza za mauzo kwa mwaka.

Ukifungua majaribio nitumie kiungo, kwenye wale 12 nihesabu mmoja.