Kabla hujabonyeza, jua uko kwenye shamba la nani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbale alinipigia simu, kanunua redio ya mkono ya Kichina, zile ndogo nyeusi, na swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, niingie frikwensi gani?" Nilifurahi sana kwamba kauliza kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma. Mimi sikuuliza, na nilipata aibu mbele ya watu ninaowaheshimu mpaka leo, kwa hiyo acha niandike yote hapa ili mwingine yeyote wa Uganda anayeanza redio ya ridhaa, kuwasiliana kwa redio kwa kupenda tu si kwa biashara, hii ambayo wengi tunaiita tu ham, asipite njia niliyopita.

Nimekulia kambini, mzee wangu alikuwa upande wa mawasiliano jeshini, ndo maana Kiswahili nilikijua kabla ya lugha ya nyumbani kwetu na redio nilizijua kabla ya baiskeli. Nilipopata leseni yangu nikanunua redio ya HF, yaani ya mawimbi mafupi yanayofika mbali, iliyotumika, nikafunga waya wa mita 20 kati ya mwembe na paa hapa Jinja, nikaingia intaneti nikadownload chati ya bendi, yaani vipande vya frikwensi walivyopewa ham, kila kimoja kinaitwa kwa urefu wa wimbi lake, chati nzuri ya rangi, nikaibandika ukutani. Chati ilisema bendi ya mita 40 inaanza 7.000 mpaka 7.300 megahezi. Basi jioni moja nikakaa 7.230 nikaita, nikaita, nikaita, nasikia tu mluzi na muziki wa stesheni fulani ya mbali, nikafikiri antena ina shida. Dakika kumi baadaye ujumbe ukaingia kwenye simu kutoka kwa mzee mmoja wa Nairobi ambaye ni ham wa miaka mingi: "Mdogo wangu, nakusikia vizuri sana, lakini uko nje ya bendi. Hiyo chati ni ya Wamarekani."

Sikulala vizuri usiku ule. Leseni ilikuwa bado haijamaliza hata mwezi.

Shida iko hapa. Umoja wa mawasiliano wa dunia, ITU, wale wa Geneva, wameikata dunia vipande vitatu. Afrika yote iko kanda ya 1, pamoja na Ulaya, nchi za Kiarabu, nchi zilizokuwa Sovieti na Mongolia. Kanda ya 2 ni Amerika zote mbili, ya 3 ni Asia iliyobaki na Australia na visiwa vya huko. Masafa hayagawiwi sawa kwenye hizo kanda, na chati nyingi unazozikuta kirahisi mtandaoni zimechorwa na Wamarekani kwa ajili ya Wamarekani. Wao mita 40 wanaenda mpaka 7.300, sisi tunaishia 7.200, juu ya hapo ni nyumba ya watangazaji wa kimataifa. Wao mita 80 wanafika 4.000, sisi 3.500 mpaka 3.800. Wao mita 2 wanafika 148, sisi 144 mpaka 146 basi. Na hata hiyo 7.100 mpaka 7.200 hatukuwa nayo kwa amani zamani, watangazaji walikuwa wamejaa humo, uamuzi wa kuwahamisha ulifanyika kwenye mkutano wa ITU wa 2003 na ukaanza kazi rasmi 29 Machi 2009. Miaka sita ya kuhamisha wapangaji! Kwa hiyo ukishika kitabu cha zamani nacho kitakudanganya, upande wa pili.

Ushauri wangu wa kwanza basi, chati yoyote unayoshika uliza vitu viwili, ni ya kanda gani na ni ya mwaka gani. Halafu juu ya chati zote kuna karatasi moja inayozishinda, leseni yako mwenyewe, kwa sababu ITU inapanga dunia lakini kila nchi ndo inaamua ndani ya mipaka yake itoe nini. Kwetu hapa ni UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, pale Bugolobi. Kama bendi iko kwenye chati ya kanda ya 1 lakini haiko kwenye karatasi yako, hiyo bendi kwako haipo.

Sasa kitu ambacho kilinichukua muda mrefu kuelewa ni hii habari ya wenye haki ya kwanza na wenye haki ya pili. Bendi zingine sisi ni wenyewe kabisa, kwa mfano 7.000 mpaka 7.100, mita 20 yaani 14.000 mpaka 14.350, mita 15 kuanzia 21.000 mpaka 21.450, na mita 2. Zingine tunakaa kwa ruhusa tu. Nilivyokuja kuelewa ni kwa kufikiria shamba. Jirani anakwambia, hiki kipande silimi mwaka huu, panda maharage yako. Unapanda. Siku akirudi na trekta unatoka, na kama ng'ombe wake wamekanyaga maharage huna pa kushtaki. Hiyo ndo haki ya pili: usimsumbue mwenye haki ya kwanza, na yeye akikusumbua usilalamike. Usifananishe na kibanja kwenye ardhi ya mailo, yule mpangaji anayekaa kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine, maana mwenye kibanja ana ulinzi wa sheria, wewe kwenye bendi ya haki ya pili huna.

Mita 30 ni ya namna hiyo, 10.100 mpaka 10.150, kilohezi 50 tu. Tuliipata kwenye mkutano mkubwa wa 1979 pamoja na mita 17 na mita 12. Mita 60 pia ni ya haki ya pili, hiyo imekuja juzi tu kwenye mkutano wa 2015, ni kamba nyembamba kweli, 5351.5 mpaka 5366.5 kilohezi, na nguvu mwisho wati 15 ukihesabu na antena yenyewe, yaani kama antena yako inaongeza nguvu upande fulani lazima ushushe redio. Wengi wanasahau hapo, wanasoma 15 wanaweka redio 15 na antena nzuri juu, tayari wamezidisha.

Halafu ndani ya bendi yenyewe kuna mpangilio mwingine, huu si wa ITU, ni wa chama cha ham wenyewe duniani, IARU, kilianzishwa Paris 1925. Wao wanasema chini ya bendi wakae watu wa mosi, yaani Morse, zile herufi za milio mifupi na mirefu, katikati wenye data za kompyuta, juu wenye sauti. Si sheria ya serikali kwa nchi nyingi lakini ni heshima, ni kama foleni ya maji kwenye bomba la mtaa, hakuna askari lakini ukiruka utaona. Mimi huo mpangilio nimeusoma mstari kwa mstari na nimekuta humo sentensi moja ambayo nikaisoma mara tatu nikampigia simu rafiki yangu wa Masaka usiku uleule.

Mita 30 karibu dunia nzima watu hawaongei kwa sauti, ni mosi na data tu kwa sababu ya ufinyu, sauti ni wakati wa dharura. Lakini mpangilio wa kanda ya 1 unasema hivi: kuanzia 10.120 mpaka 10.140 sauti ya SSB, ile njia ya kutuma sauti kwa nafasi ndogo, inaruhusiwa kwa sehemu ya Afrika iliyo kusini mwa ikweta, saa za mchana. Kusini mwa ikweta! Sasa fikiria Uganda, mstari wenyewe unatukata, ukitoka Kampala kwenda Masaka unaukuta pale Kayabwe, watu wanapiga picha kwenye ule mduara mweupe. Mimi Jinja niko kaskazini, kidogo sana lakini kaskazini. Rafiki yangu Masaka yuko kusini. Maana yake kwa mpangilio huo yeye mchana anaweza kuongea 10.130 na mimi nisiweze kumjibu kwa sauti, namjibu kwa mosi. Na tumefanya hivyo! Yeye anaongea, mimi napiga ti-taa-ti, na leseni zetu zote mbili zina mita 30. Hakuna nchi nyingi duniani ambazo jambo kama hili linaweza kutokea ndani ya saa nne za basi. Ndo maana nawaambia vijana msisome hizi karatasi kama adhabu, kuna utamu humo.

Kitu kingine kidogo lakini kinawanasa hata wazoefu, ukingo. Namba inayoonyesha kwenye redio si mahali sauti yako yote ilipo. Ukiwa mita 20 unatumia USB, yaani SSB ya upande wa juu, sauti inapanda juu ya hiyo namba karibu kilohezi 3. Kwa hiyo redio ikionyesha 14.349 wewe unajiona uko ndani, kumbe sauti imeshavuka 14.350 iko kwa watu wengine. Mimi simalizii zaidi ya 14.346. Mita 40 na 80 tunatumia LSB, ya upande wa chini, hapo inashuka chini, kwa hiyo ukingo wa kuogopa ni wa chini.

Turudi kwa yule kijana wa Mbale na redio yake. Hizo redio ndogo zinafungua 136 mpaka 174 na 400 mpaka 520, na hapo ndo hatari ilipo, mashine inakuruhusu kila mahali. Bendi zetu humo ni 144 mpaka 146 na 430 mpaka 440 tu, na hiyo ya pili tunaishi na watu wa rada. Kwingine kote ni makampuni ya ulinzi, ambulansi, vyombo vya usalama, na 156.8 ni chaneli 16 ya vyombo vya majini, mtu boti yake inazama ziwani ndo anaitia pale. Kufanya "halo halo testi" hapo si mchezo, unaweza kumziba mtu anayekufa. Nilimwambia aichomeke kwenye kompyuta aweke chaneli za bendi zetu tu, afunge kutuma kwingine kote. Na leseni kwanza, kwa sababu kuwa na redio dukani kwa bei ya simu ya kitochi hakumaanishi umeruhusiwa kuitumia. Akisubiri leseni asikilize, 145.800 kituo cha anga cha kimataifa kinapita juu yetu na siku zingine wanaanga wanaongea na wanafunzi wa shule, unasikia kwa redio hiyohiyo ya mkono.

Kuhusu muda, nitasema tu nilichoona hapa kwangu. Mita 40 asubuhi na jioni ndo ya majirani, Nairobi, Kigali, Bujumbura, Gulu. Mita 20 alasiri na kuingia usiku ni Ulaya. Mita 10 na 15 mchana, jua likiwa na nguvu unafika Japani na wati mia. Mita 80 na 160 hapa kwetu ni mateso sababu ya radi za ziwa, miezi ya mvua nasikia kama mtu anakaanga samaki ndani ya spika, usinunue waya mrefu wa mita 160 kama bendi yako ya kwanza tafadhali.

Na kama pesa inaruhusu baadaye, kuna setilaiti ambayo ham tunaruhusiwa kuongea kupitia kwake, QO-100, imerushwa Novemba 2018, imetulia juu ya ikweta nyuzi 26 mashariki, yaani karibu juu ya Kisangani. Wenzetu wa Ulaya wanalaza dishi, sisi Uganda dishi inaangalia juu karibu kabisa utosini, utadhani unakinga mvua, na kweli inakinga, toboa tundu dogo chini maji yatoke. Unatuma 2400 megahezi na kupokea 10489, na hiyo 2400 ndo jirani wa waifai, mfano mzuri wa kuishi shamba moja na watu wengi.

Nilimwambia kijana aanze na jambo lisilohitaji leseni yoyote ya kutuma. Tafuta redio ya shortwave yenye SSB, weka 14.100, kaa kimya dakika tatu. Kuna vituo 18 duniani vinapokezana hapo, kila kimoja sekunde 10, kinataja jina lake kwa mosi halafu kinapiga mistari minne, yaani milio mirefu, kwa nguvu inayopungua, wati 100, 10, 1, na sehemu moja ya kumi ya wati. Kimoja kiko kwa jirani zetu Kenya, jina lake 5Z4B. Kalamu mkononi, andika uliowasikia na saa. Juzi kanitumia picha ya daftari lake, saa kumi na mbili na robo jioni, vituo vitano, na mbele ya kimoja kaandika kwa herufi kubwa: HADI MSTARI WA MWISHO.