Anko Jibu: Mbunge wa Texas kamwaga miswada, wetu je?

SWALI: Shikamoo Anko. Binamu yangu yupo Houston, juzi kanitumia sauti ya wasap anajisifia eti mbunge wao keshaweka miswada zaidi ya kumi, ya shule, ya bima, ya kodi za majumba, na bunge lenyewe hata halijaanza vikao. Mi nachojua Marekani kuna Kongresi kule Washington, sasa huyu ni mbunge wa wapi? Na kwanini wa kwetu hatuwasikii na miswada yao, ni kuuliza maswali na kuunga mkono hoja tu? – Msomaji, Mbagala Rangi Tatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Binamu yako hajakudanganya, ila kakupa nusu ya habari. Marekani ina majimbo 50 na kila jimbo lina bunge lake mbali na Kongresi, linatunga sheria za shule, ardhi, leseni za udereva, makosa ya jinai na mengine kibao. Hapa kwetu kinachokaribiana nalo ni Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, maana nalo linatunga sheria za mambo yasiyo ya Muungano. Sasa la Texas linakaa Austin, wabunge 150 na maseneta 31, na vikao vya kawaida ni mara moja kila miaka miwili, wanaanza Januari ya mwaka witiri wanapewa siku 140 basi, wanafunga virago. Ndo maana wanawahi. Kuanzia Jumatatu ya kwanza baada ya uchaguzi mkuu wa Novemba wanaruhusiwa kusajili miswada, na siku hiyo kila mmoja anatangaza nimeleta huu, nimeleta ule, picha na tai juu.

Ila kusajili sio kupitisha! Muswada ukisajiliwa unapewa namba, ukitoka kwa wabunge unaanza na HB, kwa maseneta SB, halafu unapelekwa kamati, na mwenyekiti wa kamati asipoupangia siku ya kusikilizwa ndo umekufa hapohapo, wala hakuna matanga. Ukivuka hapo huko kwa wabunge kuna kamati nyingine ya kupanga ratiba, nayo inaweza kuukalia, kisha unajadiliwa ukumbini, kisha unaenda kwa maseneta kuanza safari upya. Kila kikao inasajiliwa maelfu na mingi inafia njiani, na ambao haukupita ndani ya kikao haubebwi kwenda kingine, mwenye nao anasubiri miaka miwili aanze moja. Kwahiyo binamu akikupigia tena muulize, je huo muswada umeshapangiwa siku ya kusikilizwa kwenye kamati? Kama hajui, huo bado ni karatasi.

(Halafu hao wabunge mshahara wao ni dola 600 kwa mwezi, kiwango kimo kwenye katiba yao tangu 1975 na hakijaguswa. Posho ya siku za kikao wanapata lakini, hiyo hata huko haijasahaulika.)

Kuhusu wetu, kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge yeyote kuleta muswada binafsi. Kinachombana ni Ibara ya 99 ya Katiba, kwamba jambo la kutoza kodi au kutoa hela mfuko mkuu wa serikali Bunge haliligusi mpaka Rais alipendekeze na Waziri alilete. Sasa niambie muswada gani wa maana hauli hela? Mbunge akisema bima bure kwa wazee, hela. Akisema apunguze kodi ya mafuta, kagusa kodi. Juu ya hapo kuandika muswada kunataka wanasheria waliobobea, serikali inao, mbunge peke yake atatoa wapi? Wengi wanaona heri kumnong'oneza waziri.

Wengine wanapita njia ya hoja binafsi, ambayo mwisho wake ni azimio la Bunge na sio sheria. Mi naona watu wanaidharau bure. Mwaka 2007 Zitto Kabwe alileta hoja kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi, akaishia kusimamishwa ubunge kwa muda. Lakini kelele zilizofuata hazikuzimika, Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Bomani kupitia sekta ya madini na Zitto huyohuyo akateuliwa kuwa mjumbe wa kamati hiyo, na 2010 tukapata Sheria mpya ya Madini. Hakupeleka muswada hata mmoja.

SWALI: Anko, mimi mpangaji, mwenye nyumba hataki kusikia kodi ya mwezi mmoja, ni sita au uhame. Mbunge wangu anaweza kuleta muswada wa kukataza hii? – Dada wa Tegeta

JIBU: Anaweza dada yangu, na huu haugusi hazina kwahiyo ile Ibara ya 99 haimsumbui. California walishafanya kitu cha jirani na hicho, mbunge wa jimbo Matt Haney alileta muswada wa kuzuia mwenye nyumba kudai amana ya zaidi ya kodi ya mwezi mmoja, ukapita 2023 na kuanza kutumika Julai 2024, ingawa wenye nyumba wadogowadogo wakaachiwa miezi miwili. Mwandikie wako kwa barua, umwambie unataka nini hasa, miezi mingapi iwe mwisho. Ukimwambia tu "tunaumia" atakujibu pole.

SWALI: Muswada ukipita Dodoma halafu Rais akagoma kusaini inakuaje? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Texas Gavana akikaa kimya siku 10 wakati kikao kinaendelea, muswada unakuwa sheria bila saini yake. Kwetu hakuna hiyo. Rais akikataa anaurudisha na sababu zake, na haurudi kwake mpaka miezi sita ipite, labda uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Hapo sasa Ibara ya 97 inampa siku 21 asaini, la sivyo alivunje Bunge, na Bunge likivunjwa hata kiti cha Rais kinakuwa wazi, wote mnarudi kwenye kampeni. Kwahiyo kila upande unajifikiria mara mbili kabla ya kufika huko.