Kibati cha chambo kugoma kuzunguka baada ya kubadilisha ndoana
Kwenye chambo bandia chenye kibati, yaani kipande cha bati kinachozunguka majini kuvutia samaki, mara nyingi kosa si ndoana mpya, ni waya wa katikati uliopinda wakati wa kufungua kitanzi kinachoshika ndoana. Kibati huning'inia kwenye kikuku kidogo chenye matundu mawili, na kikuku hicho lazima kiteleze kuuzunguka waya. Kikikuta kona hata ndogo, kinakwama hapo hapo. Nyoosha waya taratibu kwa koleo lisilo na meno makali, maana mikwaruzo nayo inakwamisha. Kisha hakikisha upande wa kibati uliobonyea umeelekea kwenye waya, na shanga kati ya kikuku na risasi (kizito cha chambo) bado ipo. Hiyo shanga watu huitupa wakidhani ni pambo! Bila yake kikuku kinasuguana na risasi.

Ukifunga kitanzi upya, acha nafasi ya milimita 1 au 2 ili vipande vicheze. Kama kikuku cha shaba kimeota kutu ya kijani, kiloweke kwenye siki kwa dakika 10, sugua na usuuze.

Ila waya uliokwisha kukunjwa mara mbili tatu mahali pale pale, badilisha. Chuma kilichochoka hukatika ghafla, na samaki huondoka na ndoana mdomoni.